Pumzi ya Kupandia Morningside

Nilikuja Morogoro nikiwa msichana, nikitokea Gairo, na miaka yote niliyoishi Mafiga niliiona milima ya Uluguru kila asubuhi nikianika nguo. Ilikuwa kama ukuta wa jirani: ipo, basi. Mlimani sikuwa na shamba wala ndugu, kwa hiyo sikuwahi kufikiria kupanda.

Kilichonipeleka huko ni ngazi. Ofisi yetu kule chuoni Mazimbu ilihamishiwa ghorofani, na siku ya kwanza nilifika juu nikashindwa kuongea. Nilishika ukuta huku wenzangu wakihangaika kuniletea kiti. Hospitali wakakuta presha iko juu. Daktari aliniandikia dawa, kisha akasema, "Na kutembea, mama. Sisemi kutembea kwa kwenda sokoni. Utembee mpaka jasho likutoke."

Nilipomwambia mume wangu kwamba Jumamosi nitapanda njia ya Morningside, ile ya mlimani inayoishia kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, aliweka kikombe chini. "Unafuata nini huko? Umepoteza mbuzi?"

"Nafuata pumzi," nikamjibu.

Niliondoka kumekucha, nimevaa raba alizoziacha binti yangu alipoolewa Dodoma. Nyumba za mjini ziliisha, njia ikaanza kuinuka kando ya mto, na kabla sijafika mbali mapaja yalikuwa yanawaka moto. Wanawake walikuwa wanateremka na matenga ya mboga kichwani, wanaongea Kiluguru na kucheka, wanakanyaga mawe kama watu walio sebuleni kwao. Mmoja wao alikuwa mtu mzima sana. Nikataka kumwamkia, shikamoo ikakatikia njiani.

"Marahaba, mwanangu," akasema bila kungoja niimalize. "Kaa kwanza."

Nikakaa palepale, kwenye kidaraja cha mbao. Siku hiyo sikwenda mbele zaidi. Kabla sijageuka nilimrekodia binti yangu ujumbe wa sauti kwenye simu: "Mwanangu... nimefika... darajani."

Alijibu akicheka, eti nimehema kama mashine ya kukoboa mpunga. Halafu akasema, "Kila Jumamosi nitumie sauti, mama, uniambie umefika wapi. Nitazitunza zote."

Ndivyo nilivyoanza kujipima. Simu ilikuwa na programu ya kuhesabu hatua, lakini ilinisifu hata nilipozunguka jikoni kutafuta chumvi, nikaachana nayo. Sauti haikunibembeleza. Baada ya wiki kadhaa darajani nilipita naongea, nikawa nahemea kwenye mikaratusi. Baadaye mikaratusi nayo nikaipita, nikawa naishia kigangoni, kanisa dogo la bati ambako kwaya hufanya mazoezi siku za Jumamosi. Sauti zangu za wakati huo zina kinanda kwa nyuma. Kazini ngazi nilizipanda nimebeba mafaili, na hakuna aliyenitazama, jambo lililonifurahisha kuliko sifa.

Kisha masika yakaja. Njia ikawa tope jekundu, nikateleza, kifundo cha mguu kikateguka. Nilikaa nyumbani mpaka mvua zikakatika, na niliporudi mlimani pumzi iliniishia kwenye mikaratusi, mbali chini ya kigango. Nilikaa kwenye jiwe nikalia. Sikutuma sauti. Binti yangu akapiga mwenyewe.

"Umefika wapi, mama?"

"Mikaratusi tu."

"Mara ya kwanza kufika hapo hukuweza hata kulimaliza hilo neno. Leo unanijibu vizuri, tena kwa hasira."

Nikacheka na machozi yangu, nikashuka. Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Nilifika Morningside kiangazi, asubuhi ya ukungu. Niliona kwanza kuta za ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, kisha upepo wa baridi ukanipiga kifuani, na ukungu ulipofunguka mji wote ulikuwa chini yangu. Nililitafuta bati letu la Mafiga nisilione. Nikatoa simu nimtumie binti yangu habari kubwa kuliko zote: hakuna mtandao.

Nilipogeuka nimtafute mtu yeyote wa kumwambia, nikamwona yule mama wa siku ya kwanza, anapalilia kabichi kando ya njia. Alinikumbuka. Akanikaribisha uani kwake, akanipa chai na magimbi ya kuchemsha.

"Umekuja kwa nani huku?"

"Sikuja kwa mtu, mama. Nafanya mazoezi."

"Unapanda mpaka huku, halafu unashuka mikono mitupu?" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akaingia shambani, akakata kabichi moja kubwa, akanipa. "Shuka na hii. Watu wasije wakasema huku tuna njaa."

Nilikunja mtandio wangu ngata, nikajitwisha kama nilivyozoea utotoni Gairo. Njiani wanawake wa matenga walinikuta, wakanipisha katikati yao, nami nikajitahidi kwenda kwa mwendo wao. Tulipoingia mjini, dada mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya geti akasimama.

"Mama kabichi! Shilingi ngapi?"

"Hii siuzi, dada," nikamwambia, kwa pumzi moja, na nikaongeza mwendo kuwafikia wenzangu waliokwisha kunitangulia.