Anastasie na Bwana Wake wa Miezi Mitatu

Pale Kasongo, mtaa mzima ulijua kwamba Anastasie alikuwa na mabwana wawili. Wa kwanza alikuwa Grégoire, aliyefunga naye ndoa kanisani zamani, na ambaye saa nyingi alishinda kwenye shamba lake la mpunga. Wa pili alikuwa na miezi mitatu, hana jino hata moja, na aliitwa Élysée.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu mwanamke aliyefikia umri wa kuwa nkambo, yaani bibi wa wajukuu, akiona mtoto mwanaume mchanga wa jirani, humwita bwana yake, na mama ya mtoto anakuwa mukewenza, mke mwenzake. Anaweza kusimama mlangoni na kuuliza kwa sauti kali, "Bwana yangu amevaa nguo gani hiyo leo? Unataka watu waseme simtunzi?" Wenye nyumba nao hujibu kwa mchezo huohuo. Mchezo huu hauvunji heshima ya mtu, na hata mtu mwenye hasira huujibu. Asiyejibu huonekana hakulelewa.

Élysée hakuwa damu yake. Mama yake, Olga, msichana wa miaka kumi na nane, alitoka Kabambare juu ya pikipiki, tumbo likiwa limeanza kuonekana, akimfuata Magloire, baba wa mtoto. Msichana akizaa mara ya kwanza hurudi kwa mama yake. Hukandwa na maji ya moto, hupikiwa, na kuna mikono mingine ya kushika mtoto ili naye alale. Lakini mwaka huo njia ya Kabambare ilikuwa matope mpaka kwenye injini. Mama ya Olga alituma salamu na kifurushi cha karanga kwa mwendesha pikipiki, yeye mwenyewe akashindwa kufika. Kwa hiyo Anastasie, aliyekaa ng'ambo ya ua wa matete, alichukua sufuria ya maji ya moto akavuka. Hakuna aliyemtuma, labda Mungu tu.

Magloire hakuwa kijana mbaya. Alichimba dhahabu Salamabila mpaka maji yalipojaa kwenye shimo lao na jiwe likamwangukia mguu. Alirudi akichechemea. Alipenda kumweka mtoto kifuani na kumwimbia nyimbo za wachimbaji, nyingine zisizofaa masikio ya mtoto, na Olga alicheka mpaka machozi.

Shida ilikuwa kilio. Kila siku jua likianza kuinama Élysée alianza, akakunja magoti, akawa mwekundu, na hakunyamaza mpaka watu wanakula ugali na sombe. Ziwa la mama alikataa, na hata mgongoni hakutulia. Usiku aliamka tena. Olga alikonda, na Magloire akawa mtu wa macho mekundu na maneno machache.

Siku moja Kasimu, mwendesha pikipiki, alipita hapo na abiria nyuma. Akapunguza moto akapiga kelele juu ya ua:

"Eh, Magloire! Huyu mutoto ndiye shefu wa nyumba? Weye ulivunja mawe Salamabila, leo unashindwa na kitu cha kilo tano? Mupe kofi moja, atajua papa ni nani!"

Abiria akacheka. Magloire naye alicheka, lakini Anastasie aliona taya lake linavyokazwa.

Jioni hiyo alimwendea kwa upole. "Mwanangu, mutoto wa umri huu analia tu, si ubaya wake wala wako. Itapita. Ukichoka, uniite."

"Aksanti, mama," Magloire alisema bila kumtazama. "Lakini nyumba ni ya kwangu. Mukiendelea kuniingilia, nitapandisha muke wangu na mutoto kwa pikipiki twende Salamabila. Kule hakuna mutu wa kusikiliza watu kwa ukuta."

Neno hilo lilimwingia Anastasie kama mwiba. Ndilo aliloliogopa: kwamba kule hakuna atakayesikiliza. Toka siku hiyo hakuvuka tena ua. Olga alimletea mtoto kwa siri ya nusunusu, na mchezo wa bwana yangu ukachezwa kwa sauti ya chini.

Ndipo ikaja ile siku ya mvua.

Olga alimnyonyesha mtoto, akamwachia baba yake, akachukua beseni la nguo akashuka kijitoni. Mawingu yalikuwa mbali bado, upande wa mto Lualaba. Anastasie alikuwa chini ya paa la jiko lake anatwanga mpunga. Mvua ilikuja kwa ghafula, ikapiga mabati kama changarawe, na katikati ya kishindo hicho Élysée akaanza.

Anastasie aliendelea kutwanga. Alijiambia, ni kilio cha kila siku.

Kisha akasikia, "Nyamaza!" Na tena, kwa nguvu zaidi, "Nimesema unyamaze!"

Kilio kikabadilika. Hakikuwa tena kilio kirefu cha njaa wala cha tumbo. Kilikatikakatika, aa-aa-aa, kama sauti ya mtu anayejaribu kuzungumza juu ya pikipiki kwenye mashimo.

Mchi ukabaki hewani.

Wiki iliyopita, siku ya kupima kilo, muuguzi Mounira alikuwa amewaambia akina mama: mtoto mchanga hatikiswi, hata siku moja. Shingo yake haijakomaa, na ubongo wake unagonga mifupa ndani, unatoka damu, na wewe kwa nje huoni kitu. Anastasie aliyasikia maneno yale sasa kana kwamba yanasemwa sikioni.

Lakini miguu haikuondoka. Mwanamke haingii nyumba ya mwanaume mwingine wakati mke wake hayupo. Na akiingia na kumgombeza, Magloire ataona haya, na haya itageuka hasira. Hasira hiyo itamwangukia nani? Na kesho pikipiki itakuja, na Élysée atapelekwa mahali ambapo hakuna ukuta wa jirani. Asipoingia, huenda asiwepo wa kupelekwa.

"Mama Maria, unipe kinywa," akasema. Hakuwa na muda wa sala nyingine. Akajifunika ungo kichwani, akapita mvuani, na akiwa bado uani akaanza kupiga makelele ya mke mwenye wivu:

"Magloire! Weye Magloire! Nani analiza bwana yangu? Nimekosa nini mimi mpaka munamutesa bwana yangu mchana kweupe?"

Akasukuma mlango.

Magloire alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alimshika mtoto kwapani, mikono imenyooshwa mbele, na kichwa cha Élysée kilikuwa kimelala upande. Mtoto alikuwa amenyamaza. Macho ya baba yalikuwa ya mtu aliyeamshwa na asijue yuko wapi.

"Mama, toka," akasema.

Moyo wa Anastasie ulikuwa unapiga kuliko mvua.  Lakini alicheka, Mungu ndiye anajua alipata wapi cheko lile, akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kuzungumza.

"Nitoke niende wapi? Bwana yangu iko mu mikono yako. Mvua inaninyeshea, nguo imelowa, na mutu wa kunipasha moto ni huyu. Unirudishie bwana yangu."

Magloire hakujibu. Vidole vyake vilikuwa vimekazana ubavuni mwa mtoto.

"Ao amekuambia hanitaki tena?" Anastasie aliendelea. "Amepata mwingine? Useme tu, papa. Bwana yangu amekufanyia ubaya gani?"

Akafungua mikono, kitenge kimetandikwa juu yake. Akangoja. Mvua ilipiga. 

Magloire alikitazama kitenge. Na kwa kuwa huo ni mchezo unaojibiwa, kwa kuwa alilelewa nao tangu yeye mwenyewe akiwa bwana wa wanawake wazee, akajibu.

"Bwana yako... bwana yako ananishinda, mama." Akamsogeza mtoto mbele. "Umuchukue. Umuchukue mbio, sijui nitafanya nini."

Anastasie aliamka, akaweka kiganja kimoja chini ya kichwa na kingine chini ya makalio, akampokea. Alikuwa mzito, mlegevu kama nguo iliyolowa. Anastasie alirudi kwenye kigoda, akamlaza pajani, akamtazama kifua. Kilipanda. Kilishuka. Akamgusa mdomo na ncha ya kidole.

"Élysée. Bwana yangu. Uniitikie."

Hakuna kitu.

Nyuma yake Magloire alikuwa ameshuka chini, mgongo ukutani. "Amekufa? Mama, amekufa?"

"Anapumua. Nyamaza kidogo."

Ndipo mtoto akakunja uso, akatafuta kidole, akalia kilio dhaifu, kilicho na mwisho na mwanzo. Anastasie aliachia pumzi, akainuka naye mbio, kigoda kikaanguka.

"Twende kwa Mounira. Sasa hivi."

"Watanifunga."

"Mi sijui watafanya nini. Mi najua mutoto anaweza kutoka damu ndani ya kichwa na sisi hatuoni. Weye ndiye utasema kitu ulifanya, kama vile ulivyofanya. Usimudanganye Mounira, mutoto ndiye atalipa."

Walikwenda. Magloire alichechemea pembeni yake, ameshika kipande cha turubai juu ya kichwa cha mtoto, yeye mwenyewe analowa. Katika matope mekundu aliteleza mara kadhaa, lakini turubai halikuondoka mahali pake.

Kwenye kituo cha afya Mounira alimvua mtoto nguo, akamgusa utosi, akamfungua macho kwa tochi, akamnyoosha mikono na miguu. "Alianguka?" akauliza.

Anastasie alifunga mdomo. 

"Hapana," Magloire alisema. "Nilimutikisa. Alilia, na mimi nilimutikisa."

Mounira alimtazama, kisha akarudi kwa mtoto. Hakumtukana. Alisema utosi haujavimba, macho ni mazuri, lakini hawatarudi nyumbani leo. Atamwangalia mpaka kesho: akitapika, akilala bila kuamka, akikataa ziwa, watampeleka hospitali kubwa.

Olga aliwakuta pale, nguo zimemng'ang'ania mwilini, pumzi hana. Alikuta nyumba wazi na kigoda kimeanguka, jirani akamwonyesha njia. Magloire alisimama mbele yake akasema tena yale aliyomwambia Mounira. Olga alinyoosha mikono. Alimchukua mtoto, akakaa upande wa mbali wa benchi, akampa ziwa. Wote walitazama mdomo mdogo ule. Ulikataa. Ukakataa tena. Kisha ukashika.

Asubuhi yake Mounira aliwaruhusu, akamkalisha Magloire peke yake na kumweleza taratibu, kama alivyowaeleza akina mama. Akaongeza na hili: "Kilio hakiui mutoto, papa. Mikono ndiyo inaua. Ukiona moto unapanda, umulaze chali fasi nzuri, utoke inje, uite mutu. Hata akilia. Umuache alie, uende uite."

"Nimuite nani?" Magloire aliuliza.

Mounira alielekeza kidevu kwa Anastasie. "Huyu hajaenda mbali, eko hapa."

Olga hakurudi kwa mume wake siku hiyo. Alilala kwa Anastasie mpaka Jumapili. Grégoire alihamia kwenye chumba cha magunia ya mpunga, akinung'unika kwamba bwana mpya amemfukuza kitandani. Anastasie alimpikia Olga uji, akamkanda mgongo, akamshikia mtoto ili alale. Olga alilala kama mtu aliyezimia. Kila jioni Magloire alikuja mpaka kwenye ua wa matete, akasimama nje, akauliza hali, akarudi. Habari ya Salamabila hakuitaja, na Anastasie hakuuliza. Lakini kila akisikia pikipiki inapunguza moto, aliinua kichwa.

Jumapili, baada ya misa, Olga alifunga vitu vyake. "Nitarudi, mama. Ni bwana yangu. Lakini naogopa."

"Uogope," Anastasie alimwambia. "Woga si dhambi. Ua uko na mulango."

Jumatatu ilipita vizuri. Jumanne, jua lilipoinama, Olga alikwenda kuchota maji kisimani. Anastasie alikuwa kwenye kinu. Élysée akaanza.

Mchi ukasimama hewani.

Kilio kilikuwa kirefu, cha kawaida, kisha kikapanda. Sauti ya Magloire ikasikika, maneno hayakueleweka. Kisha sauti ya baba ikanyamaza, na kilio kikabaki peke yake. Anastasie alihesabu pumzi zake. Alikuwa ameshaanza kutafuta ungo kwa mkono, ingawa hapakuwa na mvua.

Matete yakatikisika. Magloire alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua, jasho usoni, mikono yake miwili imefunguka mbele yake, mitupu, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu.

"Nimemulaza chali juu ya mukeka," akasema haraka. "Nimetoka inje." Akaonyesha mlango wake. "Mama Anastasie, bwana yako anakuita."

"Umwambie nakuja," Anastasie alisema. "Umwambie aache kiburi. Amenioa bila mahari, na mi bado na mupunga ya kutwanga."

Lakini mchi ulikuwa umeshaanguka chini, na yeye ameshapita kwenye mwanya wa matete, anakimbia.