Nusu ya Kitabu cha Mgiriki

Dirhamu nane, mwanangu, na nusura kazi ya mwenzangu: hiyo ndiyo bei ya kitabu kile. Muuza vitu vya mitumba kule ughaibuni, mtaa wa Al Ras, alitaka ishirini. Nikamwonyesha jalada lililochanika, nikapiga hatua nne kuondoka, akaniita. Nilihesabu kurasa mara mbili kabla ya kulipa, zilikuwa zote. Tatizo ni kwamba sikuzisoma zote.

Alikiandika Mgiriki wa kale, akiuliza nani anafaa kutawala mji. Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa mlinzi wa hoteli Al Garhoud, na mji wangu ulikuwa chumba cha watu wanane wenye bafu moja. Nilipofika katikati ya kitabu nikaelewa kwamba mwenye maarifa ndiye atawale. Nikatazama chumbani. Mwenye kitabu nilikuwa mimi.

Nikabandika amri kwenye mlango wa bafu: mimi wa kwanza, wengine kwa kadiri nilivyopima busara zao. Okello, Mganda mwenye utani mwingi, nikamweka wa nane.

"Arbab," akaniita, kama tulivyowaita matajiri wa kule, "wa nane anaoga leo au Ijumaa?"

Tukacheka. Lakini mimi nilioga kwa utulivu wa mfalme, na basi la kampuni halikumngoja mtu. Wiki ile Okello aliachwa mara mbili. Msimamizi akamwambia ya tatu ni khalas, atarudishwa kwao, na kwao watoto wanne walikula kwa mshahara ule.

Mzee Haji, Mzanzibari aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, aliisoma amri yangu taulo likiwa begani.

"Bwana mkubwa, hicho kitabu umekimaliza?"

"Nusu, mzee."

"Basi na utawala wako nusu. Kazini, zamu ikiisha, lindo unafanyaje?"

"Namkabidhi anayenipokea. Anatia sahihi daftarini."

"Na humu ndani atakupokea nani?"

Nikamaliza kitabu kwa aibu. Kumbe mbele kidogo kinasema kwamba watu walio sawa hupokezana, leo unaongoza, kesho unaongozwa. Walinzi wanane tulilifanya hilo kila siku langoni, tukashindwa bafuni!

Nikaichana amri. Tukaweka daftari la makabidhiano, kiongozi mpya kila wiki, na sheria moja: kiongozi anaoga wa mwisho. Wiki ya kwanza wa mwisho nilikuwa mimi. Ajabu, dakika tano zikamtosha kila mtu.

Okello hakuachwa tena. Baadaye alipandishwa cheo, akawa msimamizi wetu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa basi, akahesabu vichwa vyetu, akapaza sauti: "Yalla, wafalme, pandeni!" Tulipiga makofi mpaka dereva akapiga honi.

Mwanangu, usifunge kitabu kwenye ukurasa unaokusifu. Ukipewa kiti, kabla hujakikalia, mjue utakayemkabidhi. Mungu akupe cheo, na akupe wa kukupokea.

Sasa nishauri na mimi. Hapa nyumbani wanataka niwe mwenyekiti wa mradi wa maji kwa kipindi cha tatu, eti hakuna mwingine anayeiweza kazi. Nimewahesabu wanaoiweza, mara mbili. Ni kumi na mmoja, na wewe umo. Daftari nimkabidhi nani?