Mbwa Wangu, Shahidi wa Soya

Nina duka la dawa za mifugo hapa Sindo, na watu huniita daktari ingawa mimi ni muuzaji tu. Nilileta chakula cha mbwa cha soya, kisicho na samaki hata chembe. Hakuna aliyenunua. Basi nikampeleka mbwa wangu Bosco sokoni awe ushahidi.

"Miezi miwili anakula soya tu," nikatangaza kama mtafiti. "Tena kidogo, maana inashibisha upesi. Tazameni manyoya yanavyong'aa."

Watu wakaanza kuulizia. Ndipo akatokea Mama Atieno, anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko ufuoni. Bosco akamkimbilia akitikisa mkia.

"Kumbe ni wako, daktari?" akasema. "Miezi miwili natafuta mwenye mbwa anayenimalizia omena kila asubuhi."