Daktari Rudia na Mtungi Uliofungwa

Simpendi Daktari Rudia, na sitaanza leo. Lakini nikiulizwa ni mtu wa namna gani nitasema nilichokiona, maana wanaomsifu mikutanoni hawajawahi kupiga deki chumba chake.

Jina hilo alipewa na wauguzi. Yeye ndiye daktari wa wale wanaoletwa wakiwa hoi, na kila Jumanne huwafundisha wenzake kumrudisha mtu aliyekata pumzi. Hujifunzia kwenye sanamu la plastiki, kubwa kama mtu mzima, ambalo wanaliita Bwana Harusi kwa sababu kila mtu huliwekea mdomo kama anayelibusu. Daktari akitoa amri, aliyeambiwa lazima aitamke tena kwa sauti. Asipoitamka, "Rudia!" Chakula hula amesimama. Mama yake akipiga simu, "Shikamoo mama, nipo kazini, mzima," anakata.

Mimi nilihamishiwa chumba cha Bwana Harusi mwaka jana, baada ya mzee mmoja kufa na mtungi wake wa oksijeni kukutwa umefungwa. Wote waliapa kwamba muuguzi aliufungua. Sasa nani aliufunga? Mfagiaji na mopu yake, yaani mimi. Sista mkuu alinisomea karatasi ya kukiri kosa mbio mbio, nikaweka dole gumba, Daktari Rudia akatia sahihi bila kunitazama usoni. Kabla ya kuhamishwa nilikaa nyumbani miezi miwili, shemeji yangu akinichekea mbele ya wageni: "Huyu msimwachie mgonjwa, atamfunga kama jiko la gesi."

Huko kwa Bwana Harusi niliona jambo. Muuguzi akiambiwa afungue oksijeni, hugusa koki ya mtungi tu, kisha husema, "Imefunguliwa!" Hafungui. Plastiki haipumui, gesi ya nini? Kila Jumanne hivyo hivyo, hadi mkono ukazoea. Nikaendelea kupiga deki. Nani angenisikiliza?

Asubuhi moja niliitwa nikafute matapishi kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kitandani alilala fundi cherehani, mwanamke wa rika langu. Pumu ilikuwa imembana mpaka hawezi tena kupumua mwenyewe. Mumewe alisimama mlangoni ameshika viatu vya mkewe. Daktari alikuwa upande wa kichwa, amemkandamizia barakoa usoni, na muuguzi mmoja aliminya mfuko wa kumpulizia hewa.

"Oksijeni!"

"Oksijeni, imefunguliwa!" alijibu Sista mkuu, mkono ukitoka kwenye koki ya mtungi.

Namba ya oksijeni mwilini kwenye mashine ilikuwa themanini. Ikashuka, sabini na nne. Daktari akamweka shingo vizuri. Akaagiza sindano, amri ikarudiwa, sindano ikachomwa. Sabini. Midomo ya yule mama ilikuwa ya rangi ya majivu.

Nilikuwa nimepiga magoti na tambara langu. Kutoka pale chini nilikiona kigololi cha kipimo, kile kinachoelea oksijeni ikipita. Kilikuwa kimelala. Wala mvumo wa hewa sikuusikia. Nikisema, wataniuliza nimegusa nini tena. Nikinyamaza, yule mama anaondoka mbele ya macho yangu.

"Mtungi umefungwa," nikasema.

"Mama, toka nje!" Sista akafoka. "Wewe na mitungi tena? Hujakoma tu?"

"Sitoki. Umefungwa."

Sitini na tatu.

"Nimeufungua mwenyewe, Daktari!"

Daktari hakuinua kichwa, ila aliniambia mimi: "Dada, rudia."

"Ameugusa tu, hajaufungua. Kama mnavyomfanyia Bwana Harusi."

Daktari alinyoosha mkono mmoja nyuma, akaizungusha koki. Hewa ikalia fyuuu, kigololi kikaruka juu. Namba haikusogea. Nilihesabu mipulizo kumi na mmoja nikiwa nimebana meno. Sitini na sita. Sabini na tisa. Tisini. Mumewe akakaa sakafuni, pale pale ambapo nilikuwa sijamaliza kufuta, wala sikumwondoa.

Sista alikuwa anautazama mkono wake kama si wake.

Jioni Daktari alinifuata kwenye stoo ya ndoo.

"Mimi ndiye niliyewafundisha kugusa tu," alisema. "Yule mzee wa mwaka jana... Mtungi wake hukuufunga wewe. Nisamehe, dada."

"Usiniombe msamaha humu ndani, hakuna anayetusikia. Andika. Sema kosa ni la nani."

"Wataninyang'anya mafunzo. Nimeyajenga miaka tisa."

"Mimi walininyang'anya jina langu. Na hilo nililijenga miaka arobaini na nane."

Akapindua ndoo moja, akaikalia, akatoa kalamu mfukoni na kuanza kuandika juu ya goti. Aliandika habari za mzee, za mtungi, za Jumanne zote zile. Alipofika pa kuandika jina lake mwenyewe, mkono ulisita. Sikumhimiza, sikumpoza. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeuziba, mpaka akalimaliza.