Lenzi ya Mzee Imerudi Ukutani

Wasee, leo lenzi ya marehemu babangu imenyamazisha beshte yangu Oti.

Ni ile ya chuma, ya kuzungusha na mkono ndio picha itoke wazi. Mzee alipigia nayo watu picha hapa mtaani Gatwekera kabla nizaliwe. Leo nimeifunga kwa kamera yangu ya dijitali. Oti, na lenzi yake mpya, akacheka: "Hiyo peleka makumbusho!"

Sawa. Tukampiga picha mathe, mamangu, mlangoni na leso yake nyekundu, kila mtu moja na lenzi yake, kwa kamera yangu hiyo. Tukamwonyesha bila kusema ipi ni ya nani.

Akachagua ya Oti.

Aki niliskia vibaya. Oti naye anacheza densi hapo nje!

Lakini mathe hakurudisha kamera. Aliangalia yangu tena. Akatoa ukutani picha ambayo mzee alimpiga na lenzi hiyohiyo wakiwa wachumba, akaiweka kando ya yangu. Nyekundu ya leso ni ileile, imeiva, haipigi kelele. Hata ngozi yake, kahawia ileile.

Oti akawacha kucheza.

"Ya Oti nitawatumia shangazi zako kwa simu," mathe akasema. "Hii yenu na baba yako, ichapishe uitundike hapa ukutani."

Picha zote mbili za leo ziko hapo chini. Semeni yenu, lakini msumari nishagonga.