Nilimulaza Mama Mukwe Bila Kumuuliza Kama Amekula

Ndugu zangu, kosa ni langu. Shetani hakunituma wala sikurogwa. Minye niliona aibu, basi, na aibu yangu nusura izike muntu!

Minye ni muganga kijana wa hospitali hapa Uvira, naishi mutaa wa Songo. Tangu masomoni, muntu akiniuliza nitachagua tawi gani la uganga, jibu lilikuwa tayari mudomoni: dawa za usingizi. Watoto wanalia, nikawakataa. Wajawazito wana maswali, nao nikawakataa. Na kila mugonjwa wa kwetu anakuja na ukoo muzima nyuma yake, kila mumoja anataka kuelezwa kivyake. Lakini mugonjwa aliyelala, hee! Hana swali, hana shangazi. Nilijiona nimegundua kazi ya wenye akili.

Bibi yangu, muke wangu wa ndoa, alicheka, akasema nachagua kazi kama muntu anayetafuta kiti cha nyuma kanisani ili padri asimuone. Sikumusikiliza.

Mukubwa wetu wa usingizi pale hospitali, mama mumoja mukali, alikubali kunijaribu. Akiridhika, ataniombea nafasi ya kwenda kusoma Kinshasa. Kila asubuhi alinirudilia jambo moja mpaka nikalichoka: kabla ya kumulaza muntu, weye mwenyewe umuulize amekula nini, umuambie afungue kinywa, uangalie meno na koo. Usitume mwingine. Chakula kikibaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Nilikuwa najibu ndiyo mama. Kusema ndiyo mama, niliweza sana.

Sasa mama mukwe, mulimaji wa mupunga kule Sange, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Watoto wake walimubembeleza mpaka akakubali kupasuliwa. Nilijua siku yake. Nilichokuwa sijui ni kwamba mukubwa atanigeukia na kusema huyu ni wako, leo nikuone.

Nani kati yenu hajui mambo ya ukwe kwetu? Hatuli pamoja. Tukikutana njiani minye nageukia kando, yeye anavuta kitenge usoni. Tangu nioe sijamuangalia machoni, halafu leo nimuambie mama, fungua kinywa nione koo? Nimuulize mambo ya chakula, minye ambaye sijamuona akimeza hata maji?

Kulikuwa na njia rahisi, kumuambia mukubwa: mama, huyu ni mukwe wangu, mumulaze nyinyi. Sikusema. Nilitaka Kinshasa! Nikajiambia wauguzi walishamukataza kula tangu jana, bila shaka ametii. Nikasimama nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo hatuonani, heshima ikatimia. Mukubwa akauliza kama nimemuuliza mugonjwa. Nikajibu ndiyo mama.

Nikamuchoma dawa. Akalala vizuri kabisa. Halafu uji ukapanda.

Uji wa mtama, tena mwingi! Dada yake aliuleta alfajiri ndani ya termos, akamunywesha kwa siri, maana kwao muntu haendi kukatwa na tumbo tupu. Mukubwa alinisukuma kando kwa kiwiko, akashika mashine ya kuvuta uji kooni, akapigania pumzi za mama mukwe mpaka jasho likamutoka. Rovu halikuguswa. Mama mukwe alilala na oksijeni kwa majuma, na minye nililia chooni kama mutoto.

Alipona, lakini pumzi haikurudi yote. Mashamba amewaachia wengine, akitembea kidogo tu anakaa chini. Bibi yangu ananiwekea sahani mezani na kuondoka. Nilitaka kazi yenye kimya, na kimya nimekipata nyumbani kwangu.

Nilienda kuomba musamaha. Tulikaa kikwe, yeye ndani, minye nje ya mulango, macho yangu kwenye ndala zangu. Nikakiri kwamba nilipaswa kumuuliza, na kwamba nilimudanganya mukubwa kuwa nimeuliza. Akakohoa sana, kisha akanijibu.

"Mukwe, ungeniuliza, ningekuambia sijakula. Uji ningekutajia weye kwa mudomo gani? Lakini ungemuambia yule mama mukubwa wenu kwamba minye ni mukwe wako, yeye ningemuambia."

Mukubwa hakunifukuza. Alisema siku nitakayojua kwa nini naitaka kazi hii, nirudi nimueleze. Sijarudi. Kila sababu ninayoipata, nikiichungulia vizuri, nakuta ni woga wa watu.

Nyinyi munaosoma uganga, kama munaipenda kazi hii kwa sababu mugonjwa analala, iacheni! Kabla hajalala, mugonjwa iko macho, anaogopa, na sauti ya mwisho atakayoisikia ni yako. Ukishindwa kumuuliza, sema umeshindwa, mbele ya wote, hata nafasi yako ipotee. Minye nilikataa kuaibika kidogo tu, na aliyelipa ni mama wa watu.

Rovu bado iko shingoni. Juma lijalo wanamupandisha hospitali ya Lemera wakajaribu tena. Nasikia mama mukwe hakuuliza habari za kisu wala za kitanda. Kuhusu muganga wa usingizi wa kule, aliuliza jambo moja tu: ameoa kwa nani.