Mgeni wa Uhakiki

Nilipohamishiwa Nachingwea, majalada ya walemavu ofisini kwetu yalikuwa kabati moja. Baada ya miaka mitatu yalikuwa makabati matatu, na mengine tuliyapanga sakafuni. Mfuko wetu ni wa umma. Huwalipa kila mwezi watu walioumia kazini wasiweze tena kufanya kazi. Watu walikuwa wameanza kuijua haki yao: mbeba magunia wa ghala la korosho, mpasua mbao, mchimbaji wa Namungo aliyefukiwa na kifusi. Makao makuu hawakuifurahia habari hiyo. Walituandikia kwamba mfuko unaelemewa, kwamba wengi wanaolipwa ni wazima, na kwamba tuwatembelee majumbani bila taarifa na kuandika tunachokiona.

Niliupenda waraka ule, sitaficha. Nilikuwa nimechoka kudanganywa. Wiki moja kabla, kwenye mechi Ruangwa, nilimwona mmoja wa tunaowalipa, anayetembelea magongo, akirukaruka goli lilipoingia, gongo kalirusha juu kama kofia. Hasira haikuniisha siku nzima. Nikaona samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Basi nikapanda pikipiki ya ofisi, nikaenda Naipingo kumhakiki mzee aliyeangukiwa na magunia ya korosho ghalani. Jalada lake lilisema ameumia uti wa mgongo, hawezi kunyanyua kitu wala kukaa kwa muda mrefu.

Nilimkuta peke yake barazani, amelala ubavu kwenye mkeka. Mkewe alikuwa shambani akivuna mbaazi. Nilipopiga hodi, akainuka.

"Karibu, mwanangu, karibu."

Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakifuta vumbi kwa upindo wa shati lake. Akaniletea na maji ya kunywa. Nilimwamkia, nikamuuliza hali.

"Hatujambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

"Na mgongo?"

"Unaendelea vizuri."

Nikaandika: anasema unaendelea vizuri. Hata mtoto mdogo anajua kwamba mtu mzima hamwagii mgeni shida zake kabla maji hayajanyweka. Mimi siku ile nilisahau, au nilijisahaulisha.

Tulizungumza kama nusu saa, hakulalamika hata mara moja. Nilipoaga, akaniomba nisubiri. Akatoka ndani na kiroba cha mbaazi, debe zima, amekikumbatia kifuani. Nikamwambia aache, anajisumbua.

"Mgeni wangu aondoke mikono mitupu? Watu watanionaje?"

Akakifunga mwenyewe kwenye keria ya pikipiki. Kanuni za kazi yetu zinakataza zawadi. Lakini mimi ni Mpare, na Wapare tunataniwa kwamba cha bure hatukiachi. Nikashukuru, nikawasha pikipiki.

Jioni niliandika: ananyanyua na kubeba mzigo bila msaada. Hapakuwa na neno la uongo hapo. Malipo yake yalisimamishwa, na mimi nikasifiwa kikaoni. Mbaazi tulizila kwa nazi.

Mwezi uliofuata mke wa mzee yule akaja ofisini. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka zamu yake ikafika. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Wewe ndiye uliyekuja kwangu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulivyoondoka tu, alianguka palepale uani. Siku nne hageuki, namgeuza mimi. Haja zake zote mimi. Hilo mbona hukuliandika?"

"Sikuliona, mama."

"Hukuliona. Shamba nimeliacha, nitalima saa ngapi? Na dawa zake nitanunua na nini? Haya, niambie wewe. Mgeni akija kwako, unamwacha akae chini?"

Nilijiona mwizi, tena mwizi aliyekaribishwa.

Ili malipo yarudi, ilibidi nieleze kwa maandishi kwa nini taarifa yangu ya kwanza haikutosha. Nisingeweza kueleza bila kukitaja kile kiroba. Nilikaa na karatasi siku mbili, nikiogopa kazi yangu, halafu nikaandika yote, pamoja na kwamba mbaazi nilizila. Nilipewa onyo kali, na nilistahili. Makao makuu wakakubali uhakiki urudiwe, safari hii na daktari.

Nilimtumia mama yule ujumbe: tunakuja Alhamisi, tafadhali mzee asiinuke. Abaki hivyohivyo anavyokuwa siku ambazo hana mgeni.

Tulimkuta chumbani, amelala ameelekea ukutani. Mkewe alisimama mlangoni kama mlinzi. Hatukupewa kiti wala maji. Daktari alichuchumaa, akambonyeza mgongo, akamwambia ageuke. Mzee alijaribu, akaishia njiani, akaguna. Daktari akamuuliza anaumwa kiasi gani. Mkewe akasema, "Mwambie!" Ndipo akasema: sana.

"Sasa hii ndiyo hali yenyewe," daktari akaniambia huku akiandika.

Nilijua malipo yatarudi, na kweli yalirudi. Nilipaswa kufurahi. Niliinama nimuage, nikakuta amejifunika shuka usoni.

"Mwanangu," akasema kutoka mle ndani ya shuka, taratibu, "kama mmemaliza, naomba mwende. Sijawahi kumpokea mtu hivi nyumbani kwangu."